Nafasi ya Shule

Miwani niliyompelekea dada yangu Magu ilikuwa ya kusomea, na ndiyo iliyonijulisha kwamba hajui kusoma.

Sijivunii sentensi hiyo. Nilifundisha miaka thelathini na minne, Kiswahili na Kiingereza, nikaanzia Sengerema, nikapita Musoma, nikamalizia hapa Mwanza mjini, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumpa dada yangu gazeti nikamwambia, hebu nisomee hapa. Ukutani kwake pana cheti cha elimu ya watu wazima, kipo kwenye fremu ya kioo kando ya picha ya baba. Barua nilizomwandikia enzi za barua zilijibiwa. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kufunua kurasa pamoja na wenzake. Mtu mwenye cheti, anayejibu barua na kufunua kurasa, utamshuku kwa lipi? Basi kila nilipomtembelea, jumuiya ikikutana na Biblia ikimfikia mkononi, akisema macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo na miwani hana, nilimwamini. Wenzake nao walimwamini. Kitabu kilipita kwenda kwa mwingine.

Jumuiya yao ni nyumba kumi na mbili za Wakatoliki wanaokutana kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasali, mmoja anasoma somo la Jumapili kwa sauti, wanalizungumza, wanapeana habari za wagonjwa, wanatawanyika. Jumamosi niliyopeleka miwani walikuwa wamekusanyika uani kwa dada. Mtu mwenye akili angempa miwani yake ndani, wawili peke yao. Lakini mimi nikitoa kitu nataka kionekane kimetoka. Niliifungua mbele ya wote, nikamvisha mwenyewe, nikamwekea sawa puani. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mchangamfu mwenye daftari lisilomtoka kwapani, akasema, "Haya bibi, udhuru umekwisha! Leo hatukuharakishi, uizoee kwanza." Akafungua daftari la zamu, akahesabu kwa kidole. Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, msomaji angekuwa dada yangu.

Dada alisema asante. Akanitazama kupitia vile vioo vipya, muda mrefu kidogo. Nilidhani ni furaha.

Jumanne yake, kabla ya saa nne asubuhi, akabisha hodi kwangu Igogo. Hakupiga simu. Alikuwa na furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na miwani ameifunga kwenye leso.

"Shikamoo dada."

"Malahaba, mdogo wangu. Habali za hapa?"

Nilishtuka, kwa sababu alinijibu kwa Kiswahili. Ilikuwa imepita karibu miaka miwili dada hajaniongelesha kwa Kiswahili. Tulikuwa tukizungumza Kisukuma tu, kwenye simu na uso kwa uso, na sababu yake naijua vizuri maana niliitengeneza mwenyewe.

Nilipostaafu wenzangu walinifanyia sherehe katika ukumbi wa shule. Dada alikuja kutoka Magu na gauni jipya la kitenge. Ulipofika wakati wa ndugu kusema machache, alipewa kipaza sauti, akasimama wima, akasema, "Mdogo wangu, Mungu akupe balaka—" Nami, nimekaa meza kuu na shada la maua shingoni, nikamkata kauli: "Baraka, dada. Ra. Ra." Ukumbi mzima ukacheka. Kisukuma chetu hakina hiyo sauti. Ulimi wa mtu wa kwetu hukutana nayo ukubwani, na mimi nilikuwa nimetumia nusu ya maisha yangu kuwasahihisha watoto wa watu "halusi" na "balua" mpaka ikawa kama kikohozi, inanitoka bila kutaka. Dada naye alicheka kidogo. Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Hakumaliza alichotaka kuniombea, na mpaka leo sijui kilikuwa nini.

Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi langu, akifungua leso taratibu.

"Mdogo wangu, ile miwani."

"Haikukaa vizuri?"

"Imekaa. Naona mpaka sisimizi." Akaivaa, akaokota gazeti mezani, akalishika mbele ya uso. "Hizi helufi naziona zote, moja moja. Hakuna hata neno moja linaloniambia kitu. Zinanitazama tu."

Nikauliza swali la kijinga, nikauliza kuhusu cheti.

"Cheti walitupa wote. Balua walinijibia watoto, nikisema macho yananiuma," akasema. "Mdogo wangu, mimi nilikuwa nimejificha vizuli. Miaka yote hii hakuna aliyejua. Umekuja wewe, umenivua nguo mbele ya watu. Zimebaki Jumamosi saba. Zamu ikifika nikashindwa, siludi tena kwenye jumuiya. Na mimi pale ndipo nilipo na watu. Nifundishe."

Hakuwa anatia chumvi. Mume wake amekufa, watoto wako Geita na Kahama, na nyumba yake ina ukimya ambao Jumamosi ndiyo huuvunja. Nilijua hayo yote. Na bado, nikiwa nimekaa mkabala naye, nilisema neno ambalo waliostaafu tunalipenda kuliko tulivyolipenda tulipokuwa kazini.

"Dada, mwezi huu sina nafasi."

Nilikuwa na kazi, ni kweli. Rafiki yangu mmoja anayefundisha Igoma alikuwa ameniomba nimwandikie kijitabu cha maneno ya kigeni yaliyoingia katika Kiswahili, yametoka wapi na yalimaanisha nini huko yalikotoka, ili wanafunzi wake wakisome. Hakuna aliyekuwa ananikimbiza na hicho kijitabu. Lakini mtu uliyezoea kengele ukikosa kengele unajitengenezea yako, nami nilikuwa nimejiwekea kwamba kabla ya Krismasi nitakuwa nimefika mwisho wa alfabeti. Dada alisema, "Haya." Akakunja leso, akanyanyuka, akaenda jikoni. Mara nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni na vyombo vyangu vya jana vikianza kuoshwa.

Nami nikarudi kwenye meza yangu dirishani. Nilikuwa nimemaliza meza na leso, mali za Wareno, na nilikuwa nimefika kwenye *sh*. Neno lililokuwa linanisubiri lilikuwa shule.

Nusu ya habari yake niliijua tangu chuoni. Tulilipata kwa Wajerumani walipotawala bara. Wao huliandika kwa herufi nyingi kuliko sisi lakini sikio linasikia kitu kilekile. Ndiyo maana Mzanzibari, ambaye alikuwa chini ya Mwingereza, anasema skuli. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa na chuo, na neno hilo lilikuwa pia jina la kitabu. Hayo niliyaandika haraka. Kisha nikavuta kamusi kubwa ya Kiingereza, niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa, kamusi ambayo imenivunja mgongo katika nyumba tano, nikatafuta Mjerumani naye alilitoa wapi.

Kumbe Ulaya nzima wanalo. Mwingereza anasema skul, Mwitalia skuola, Mhispania eskuela, Mreno eskola, Mswidi skola. Mfaransa ameitafuna *s* yote, akabaki na ekol. Mpolandi anasema kitu kinachokaribia shkowa. Wote wamelipata kwa Warumi wa kale na Kilatini chao, na Warumi walilichukua kwa Wagiriki, ambao walikuwa wanasema skhole. Nilikuwa nafuatilia kwa raha, kidole kwenye mstari, kwa sababu napenda neno linapotembea mbali hivyo likafika Magu. Ndipo nikasoma maana yake ya kwanza kwa Wagiriki. Haikuwa jengo, wala mwalimu, wala kufundisha.

Ilikuwa ni ule wakati ambao mtu hana kazi inayomngoja. Wakati wake mwenyewe. Baadaye neno likahamia kwenye yale ambayo watu hao waliyafanya katika wakati huo, yaani kukaa na kuzungumza na kuulizana mambo, na mwisho likahamia kwenye mahali walipokaa. Nikachukua kalamu kutia maana hiyo kwa Kiswahili, nikakwama. Mapumziko? Hapana, hayo ni ya aliyechoka. Faragha ni ya mwenye siri. Starehe, wanafunzi wa Igoma wangedhani nazungumzia baa. Neno sahihi lilinifika mdomoni kabla halijafika kwenye kalamu, na nililitambua, kwa sababu nilikuwa nimelitumia dakika kumi zilizopita.

Nafasi. Shule, maana yake nafasi.

Niliweka kalamu chini. Sina hakika kama kuna lugha nyingine yenye neno linalobeba mizigo mingi hivyo. Nafasi ni muda. Ni uwazi wa kukaa kwenye benchi. Ni kuchaguliwa kwenda kidato cha kwanza. Mtu akisema amepata nafasi inabidi umuulize nafasi gani. Mwenzangu mmoja aliyesoma Kiarabu aliwahi kuniambia kwamba tulilitoa huko, na kwamba ni la ukoo mmoja na neno lao la pumzi. Na mimi nilikuwa nimemwambia mtu aliyekosa shule kwamba sina hiyo. Mtu huyo alikuwa ananioshea vyombo ili mimi niwe nayo.

Niliona aibu, aibu yenyewe ya kupasha masikio moto. Nikaenda jikoni.

"Dada, acha vyombo. Tuanze."

"Umepata nafasi?"

"Nimeikuta kwenye kamusi."

Hakuelewa, lakini alikausha mikono.

Ningependa kusema kwamba tulianza vizuri. Mimi ni mwalimu wa hasira za karibu, na mwanafunzi wangu alikuwa na miaka sabini na hasira zake za mbali, ambazo huchelewa kufika lakini zikifika zinakaa. Nilimweka dirishani, pale panapoonekana kipande cha ziwa katikati ya majabali. Nikampa daftari na penseli, nikasimama nyuma ya bega lake kama nilivyosimama nyuma ya mabega ya watu elfu. Siku ya pili alikosea *b* na *d* mara ya sita, nikapiga meza kwa rula.

Akaweka penseli chini. "Mimi nimekubeba mgongoni," akasema. "Usinipigie meza."

Rula niliiweka juu ya kabati na huko iko mpaka leo. Nikavuta kiti nikakaa kando yake, na kwa kuwa sikujua niseme nini, nikamsimulia habari ya neno. Nikamwambia Wajerumani, Wafaransa, Warumi, mpaka nikafika kwa Wagiriki na nafasi yao. Nilikuwa nimeivisha hadithi vizuri. Dada alisikiliza huku akimenya karanga.

"Hao watu," akauliza, "wakati wamekaa wanazungumza, nani alikuwa anawachotea maji?"

Kamusi haikuwa imeniambia. Lakini jibu nilikuwa nalo, nimelifundisha kwenye kipindi cha historia nilipomshikia mwenzangu darasa. "Watumwa," nikasema. "Na wanawake."

"Ehee," akasema dada, akatupa maganda kwenye sahani. "Hapo sasa nimewaelewa."

Tukarudi kwenye daftari. Nilimwambia *b* na *d* tuziache, tuanze na irabu, nikageuka kuchukua kifutio. Nilipomgeukia tena alikuwa ameshaziandika zote tano kwenye mstari mmoja, kubwa, zimeinamia kushoto: *a, e, i, o, u*. Nilikuwa sijamwonyesha.

"Hizi umezijulia wapi? Ngumbaru, kwenye elimu ya watu wazima?"

"Ngumbalu ilikuwa saa kumi jioni. Saa kumi jioni nani alikuwa ananipikia?" Alikuwa anazitazama zile herufi, hanitazami mimi. "Hizi nilifundishwa shule. Nilikwenda wiki tatu."

Sikuwahi kusikia. Katika nyumba yetu ilijulikana kwamba baba hakuwapeleka wasichana shule mpaka ulipofika wakati wangu, na nimelisema hilo kwenye hotuba nyingi, hata kwenye ile ya kustaafu, nikipigiwa makofi.

"Wiki tatu. Kisha?"

"Kisha ukazaliwa."

Alilisema kama anavyosema kisha mvua ikanyesha. Nikamwomba aendelee. Mama alikuwa mgonjwa baada ya kunizaa, kiasi cha kushindwa kusimama kwa karibu mwaka mzima, na mtoto alitaka kubebwa, na maziwa ya ng'ombe yalitaka kuchemshwa na kupozwa, na maji yalikuwa mbali. Dada alikuwa na miaka tisa. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kumuulizia. Mara ya pili baba alimwambia nafasi ya huyu mpe mwingine.

"Nilikuwa nakaa mlangoni na wewe mgongoni," akasema, "naziandika hizi kwa kidole kwenye vumbi nisizisahau. Zile nyingine zilinipotea. Hizi tano zilibaki."

Nililia. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, nililia kwa sauti na kamasi, mpaka jirani akaita kutoka ng'ambo ya jabali lililo kati yetu kuuliza kama kuna msiba. Dada akamjibu kwamba hakuna, ni mwalimu anafundisha. Kisha akavuta daftari upande wake.

"Nyamaza basi," akasema. "Unanilowesha daftali."

Baada ya siku hiyo nilifundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha, na sisemi hivyo kujisifu, kwa sababu kazi kubwa niliyoifanya ilikuwa kukaa kimya. Alikaa kwangu wiki tatu. Halafu mpunga ukaiva ukamwita, nami nikamfuata Magu na begi langu, nikalala kwake. Tulisoma asubuhi mapema kabla hajaenda shambani, na mchana kwenye mkeka, mpunga umeanikwa upande huu na sisi upande ule. Alisoma chumvi. Alisoma kiberiti, sabuni, mfuko wa mbolea. Siku moja alifika kwenye kanga yake mwenyewe, ile ya bluu aipendayo kuliko zote. Alisoma yale maandishi ya pindoni kwa dakika nzima, akasoma tena, akaketi. Yalikuwa maneno ya kumsuta mke mwenza, makali ya kutosha kuvunja urafiki. Dada hajawahi kuwa na mke mwenza, na kanga hiyo alikuwa ameivaa kwenye misiba miwili na ubatizo mmoja. Tulicheka mpaka kuku wakaingia kwenye mpunga.

Lililonitesa lilikuwa *r*. Aliiona, aliitambua, aliitofautisha na *l* vizuri kabisa kwa penseli. Ukimwambia andika barua, anaandika barua. Ukimwambia soma, anasoma balua. Kila mara ilipotokea nilisikia lile neno linapanda kooni kwangu, *ra, ra*, nikaling'ata. Siku moja, nikiwa nimeling'ata mara nyingi kuliko kawaida, nikakumbuka orodha yangu ya Ulaya. Mfaransa amekula *s*. Mhispania amebandika *e* mbele ambayo hakupewa na mtu. Mpolandi ameigeuza *l* ikawa *w*. Kila mmoja amelitafuna lile neno la Wagiriki kwa meno yake, na kamusi imewapanga mstari mmoja, ndugu kwa ndugu. Sijasikia kwamba Mwitalia aliwahi kumkatisha Mfaransa kwenye sherehe akamwambia, "Sk, dada. Sk, sk."

Nikamwambia, "Dada, siku ile ya ukumbini, nisamehe."

Alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza siku gani. "Nilishakasilika nikamaliza," akasema. "Ungekuja zamani ungeikuta."

Basi Jumamosi ya mwisho ikafika. Safari hii tulikutana uani kwa mwenyekiti, chini ya turubai, watu ishirini na kitu kwenye mikeka na viti vya plastiki. Tulikuwa tumejiandaa. Somo la Jumapili tulilijua siku tano kabla, na dada alikuwa amelipitia mara nyingi hata ningeweza kuapa kwamba nusu yake analisema kwa kichwa. Nilikaa nyuma, kando ya jirani yake wa nyumba ya pili, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi.

Baada ya sala mwenyekiti akafungua daftari. Akasema padri ameagiza wiki hii jumuiya zote zisome somo jingine, si lile la kalenda. Akataja kitabu na sura, akamnyooshea dada Biblia, imefunguliwa ukurasa ambao hatukuwahi kuugusa.

Nilinyanyuka nusu. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mzuri kabisa: macho, daktari amemkataza, nitamsomea mimi. Dada alikuwa ameshaipokea Biblia. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza.

Alisoma polepole mno. Kati ya neno na neno ungeweza kumeza mate mara mbili. Mtoto mmoja alilia akanyonyeshwa akanyamaza, na dada alikuwa bado yuko mstari wa tatu. Lakini alikuwa anasoma. Hakuwa anakariri, hakuwa anabahatisha. Niliona kidole kikisogea na mdomo ukikifuata, na *r* zote zikigeuka *l* zinapotoka, na sikusikia kosa hata moja. Akafika katikati ya mstari wa sita. Akasoma, "Wanye," kidole kikasimama.

Aliyezaliwa na Kiswahili, au aliyejifunza, anajua dada alikuwa amesema nini mbele ya jumuiya nzima, tena akiwa na Biblia mkononi. Vijana wa nyuma walitazama chini, mabega yakitikisika. Mwenyekiti alijifunika mdomo kwa daftari la zamu. Nilimwona dada akilirudia lile neno kimoyomoyo, nikamwona anasikia alichosema. Akacheka yeye kwanza. Alicheka kwa kifua chote, mkono kwenye goti, na hapo ndipo wengine wote wakajiachia, mpaka turubai zima likawa kicheko.

Walipotulia alikuwa bado hajaondoa kidole mahali pake. Akainua uso, akanitafuta kule nyuma.

"Mwalimu, hili lefu limenishinda," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Njoo unisaidie."

Nilipita katikati ya mikeka nikipangua magoti ya watu. Nikainama juu ya bega lake. Neno lilikuwa wanyenyekevu. Nililisoma mara moja, kwa sauti ndogo. Alilirudia, kipande kwa kipande, akalimaliza salama, akaniashiria kwa kichwa nirudi kwenye kiti changu. Kisha akaendelea na mistari minne iliyobaki bila msaada wa mtu. Alipofunga akasema neno la Bwana, nasi tukaitikia tumshukuru Mungu, wengi wetu kwa *l*.

Mwenyekiti akafungua daftari kutafuta msomaji wa wiki ijayo. Kiti cha kando yangu kikalia. Yule mama wa nyumba ya pili alikuwa ameishika miwani yake ya uzi kwa mikono miwili, ameikunja na kuikunjua, ameikunja tena. Akaniinamia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikanigusa sikio.

"Mwalimu," akanong'ona, "na mimi macho yangu ni mazima."